Likizo ya Mama Mdogo Kule Sisilia

Kwa muda wa miaka miwili niliwafundisha watu namna ya kukaa siku nane kwenye kisiwa cha Mediterania karibu bila pesa. Tulikuwa tunakaa Flagey, uwanja mmoja wa Brussels, Jumamosi mchana, soko linapofungwa, vijana tuliomaliza vyuo na kukosa kazi, na kila kiangazi kilipokaribia kuna mtu aliyeniuliza. Niliwaeleza yote. Ndege ya alfajiri kutoka Charleroi, inayouzwa kwa bei ya jozi ya viatu vya plastiki ukiinunua mapema. Begi moja dogo, usilipie jingine. Maji ya kunywa yanatoka bombani, mbele ya kanisa, na ni mazuri kuliko ya chupa. Usiende ufuo wenye viti vya kukodi. Tembea dakika ishirini zaidi, utakuta mawe na bahari ileile. Matunda nunua saa saba mchana, wauzaji wanapochoka kuyarudisha kwenye gari.

"Na kulala?" waliuliza.

"Nina mtu," nilijibu, kisha nikageuza mazungumzo.

Sikuwa nadanganya. Likizo ile ilikuwa nzuri, na ilikuwa ya bure kwangu.

Mama mdogo wangu anaishi Jette, mtaa mwingine wa Brussels, ghorofa ya tatu, karibu na hospitali ambamo alikuwa akisafisha wodi. Ndiye aliyenipokea nilipotoka Lubumbashi nikiwa na miaka kumi na tisa. Alinipa chumba chake, na yeye akalala sebuleni kwenye kitanda cha kukunja kwa miaka yote sita ya masomo yangu. Kila asubuhi alikikunja kabla sijaamka ili nisikione. Likizo zake zilikuwa misiba na ubatizo wa watu wengine: Liège, Paris, Lille. Simu ya msiba ilimfikia yeye kabla ya ndugu wa marehemu, kwa sababu masufuria makubwa yalikuwa kwake.

Jumapili moja, baada ya misa, alikuwa amekaa na mama wawili wa kanisa lake mbele ya televisheni, na ikaonyeshwa bahari, mahali fulani kwenye jua. Akasema, bila kumwambia mtu yeyote hasa, "Miye nataka siku moja niingie ile maji mpaka hapa." Akagusa shingo. "Nikae tu. Muntu asiniite."

Nilikuwa na miaka ishirini. Nikasema, "Maman, siku nitapata diplôme, nitakupeleka."

Wale mama wawili walipiga makofi. Toka siku hiyo ahadi haikuwa yangu tena, ilikuwa ya kanisa zima.

Diploma niliipata mwanzoni mwa miaka ya 2010. Kazi sikuipata. Kila Jumapili mlangoni mwa kanisa kulikuwa na mama wa kuuliza, "Alors, bahari ni lini?" na mama mdogo alijibu kwa niaba yangu, "Muache mutoto apate kazi kwanza." Alisema hivyo ili kunisitiri. Mimi nilikuwa nalipima neno "kwanza" njia nzima ya kurudi nyumbani. Kama ni kwanza, basi kuna halafu, na halafu ni lini? Je, wanacheka tukiondoka? Nilianza kwenda misa ya asubuhi ili nisikutane nao, kisha nikaogopa kwamba watagundua ni kwa nini nimehamia misa ya asubuhi.

Ndipo nilipokutana Porte de Namur, mlangoni mwa metro, na mtu tuliyewahi kuimba naye kwaya. Akaniambia kuna abbé, padri wa jimbo letu, anayefanya kazi Sisilia, kwenye parokia ya kijiji kimoja karibu na bahari. Anaishi peke yake katika nyumba yenye vyumba vinne. Akanipa namba.

Niliandika kwenye karatasi maneno nitakayosema. Niliandika mara tatu. Nikaenda kwenye duka la simu kule Matonge, mtaa wa Wakongo, nikaingia kibandani, nikapiga. Nilijitambulisha, nikataja parokia yetu, nikataja majina ya mapadri aliosoma nao. Aliitika vizuri. Nilipofika kwenye ombi lenyewe akanyamaza, kisha akasema, akiniita papa kama kwetu wanavyowaita vijana wa kiume, kwa sauti ya mtu aliyechoka:

"Bon. Nyumba iko. Lakini, papa, miye niko peke yangu hapa. Misa, bagonjwa, mazishi, bijiji tatu. Siwezi kuangalia bageni."

Akanyamaza tena. Karatasi yangu haikuwa na sehemu ya kunyamaza. Mimi siwezi kuvumilia kimya cha mtu mwingine, huwa nakijaza na chochote kilicho karibu. Nikasema, "Abbé, chakula si shida. Maman anapika. Bukari, sombe, samaki. Kule Lubumbashi alikuwa kwenye kundi la kupikia bapadri."

Hilo lilikuwa kweli. Kwetu, mama wa parokia hugawana siku za wiki. Kila kundi huleta unga wa bukari, yaani ugali wetu, na kuku, na majani ya muhogo ya sombe kwenye nyumba ya mapadri, hupika, huosha, huondoka. Ni heshima, na kuna wanaoigombania. Mama mdogo alikuwa wa Alhamisi.

Abbé akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu tuanze kuongea. "Sombe? Unajua ni miaka ngapi sijaonja sombe? Mukuye. Mukuye hata kesho."

Nilitoka kibandani kama mtu aliyefaulu mtihani. Nyumbani nilimwambia mama mdogo kwamba tumepata mahali. Sikumwambia nilivyopapata.

"Kwa abbé?" aliuliza.

"Eeh. Abbé wa kwetu. Bure."

Akafikiri kidogo. "Haya. Tutamubebea nini?"

Pale ndipo nilipopaswa kusimama. Mtu yeyote aliyekulia kwenye parokia zetu anajua kwamba unaweza kumpeleka mama wa kwetu likizo, na unaweza kumlaza kwenye nyumba ya padri, lakini huwezi kufanya yote mawili kwa safari moja. Mimi nimekulia humo. Nilijua. Nilikuwa nimefikiria uzito wa mabegi, vimiminika, hali ya hewa, kama kutakuwa na tramu saa kumi alfajiri, kama kitambulisho changu kitaangaliwa mara mbili. Jambo moja tu sikulifikiria, nami si mtu wa kusahau kufikiria. Nililiacha makusudi kwa sababu kama ningelifikiria, malazi ya bure yangekwisha.

Alinunua maillot, nguo ya kuogelea, kwenye duka la Porte de Namur, ya buluu iliyoiva, yenye kisketi. Aliijaribu sebuleni juu ya nguo zake, akacheka mpaka akakaa chini. Siku ya safari, Charleroi, nililibeba begi lake na kusikia harufu ya samaki wakavu.

"Maman, mna nini humu?"

"Unga. Na sombe, nilifunga vizuri. Na tusamaki."

"Na nguo zako? Na maillot?"

"Iko. Nilivaa ndani."

Begi lilikuwa limejaa vitu vya abbé, kwa hiyo alikuwa anasafiri na bahari yake mwilini, chini ya gauni, tayari kuingia majini tukishuka tu. Nilicheka. Naye alicheka. Ninaikumbuka furaha ile kwa aibu.

Abbé alikuja kutupokea kwa gari dogo lililochakaa. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyodhani kwa kusikia sauti yake, na nywele zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. Nyumba ilikuwa kubwa, baridi, na jikoni palikuwa na sahani chafu za siku tatu. Mama mdogo alisimama mlangoni mwa jikoni bila kuweka chini mkoba wake.

"Abbé, nani anakuangalia hapa?"

"Hakuna muntu, maman. Kuko mama mumoja wa parokia, anakuja lundi kufagia."

"Hm," akasema mama mdogo.

Niliijua ile "hm". Nikamwambia haraka, "Maman, twende tuone bahari kwanza."

"Enda, papa. Miye nakuja nyuma. Niweke tu maji ku moto."

Nilikwenda. Nilipanda kijilima, nikashuka kupitia mawe na miti ya malimau, na bahari ikawa pale, ya buluu, imetulia, hakuna wa kunidai kiingilio. Niliingia. Maji yalikuwa ya uvuguvugu kama yale ya kumwogeshea mtoto. Nililala chali nikaangalia juu, na kwa mara ya kwanza tangu nipate diploma kichwa changu hakikuwa kinasema kitu. Nilikaa mpaka ngozi ya vidole ikakunjamana. Mama mdogo hakuja nyuma.

Jioni tulikaa mezani watatu. Abbé alinawa mikono, akabariki chakula, akakata tonge, akachovya kwenye sombe, akala. Kisha akaacha kutafuna. Macho yake yalijaa machozi, naye hakuyafuta. Alikula tonge la pili, la tatu, na sisi tuliinamia sahani zetu kama watu walioingia chumbani bila kubisha. Hatimaye akapumua.

"Maman, mutoto wako hakudanganya."

"Alisema nini, Abbé?"

"Ku telefone. Minakuambia ukweli, miye nilikuwa nakataa. Sikuwa na nguvu ya bageni. Njo akaniambia: maman anapika, hata Lubumbashi alipikia bapadri, chakula si shida. Aliposema sombe, nikashindwa." Akacheka, akanipiga begani. "Ni mutoto wa akili, huyu."

Mama mdogo aliniangalia. Sikuona hasira usoni mwake, nami nilitafuta. Aliniangalia namna mtu anavyoangalia bei kwenye kitu alichodhani ni zawadi.

"Aah," akasema. "Njo vile alisema."

"Ndivyo, njo vile."

"Basi, Abbé, ongeza." Akamsogezea bakuli.

Baada ya kula nilikwenda kuosha vyombo. Nilikuwa nimeshatunga sentensi mbili za kuanzia kuomba msamaha. Mama mdogo akachukua sahani mkononi mwangu. "Acha, papa. Enda upumzike. Uko mu vacances."

Sentensi zangu nikarudi nazo chumbani.

Siku zilizofuata zilikuwa hivyo. Asubuhi alikuwa ameshaamka kabla yetu. Alifua vitambaa vya altare na kuvipiga pasi, kwa sababu alisema haiwezekani misa isomwe juu ya kitambaa kama kile. Siku ya tatu walikuja wanafunzi wawili wa seminari, Wakongo, kutoka mji wa jirani, waliosikia habari ya sombe. Siku ya nne walirudi na mwenzao. Yule mama wa kufagia, Msisilia mzee mwenye miguu iliyovimba, sasa alikuja kila siku, si Jumatatu tu: ya kwanza alisimama mlangoni siku nzima kama anayelinda jiko lake. Siku ya pili akaonjeshwa, siku ya tatu akaleta biringanya na mafuta ya zeituni. Hawakuwa na lugha moja. Waliongea kwa mikono, na mara nyingine niliporudi kutoka ufukweni niliwakuta wanacheka.

Kicheko kile nilikihifadhi kama ushahidi. Nilijiambia: anacheka, kwa hiyo ana furaha, kwa hiyo hii nayo ni likizo, labda kwake likizo ni hii, na mimi ni nani wa kumwamulia likizo yake iweje? Nilijenga hoja ile vizuri. Ilikuwa na dosari moja, kwamba kila nilipoijenga nilikuwa nimelala kwenye jua.

Mara mbili nilijaribu. Nilimwambia, "Maman, leo tununue mkate na nyanya, twende wote."

"Tumelala kwake?"

"Eeh."

"Basi."

Mara ya pili nilimwambia nitabaki mimi nipike. Alicheka kwa dhati, akamwita yule mama mzee, akanionyesha kidole, akaigiza mtu anayekoroga bukari kwa ncha za vidole. Wakacheka wote wawili. Nikachukua taulo langu.

Siku ya saba abbé mwenyewe ndiye aliyesema ni aibu, maman hajaona bahari. Alituendesha alasiri kwenye ufuo wa mchanga. Mama mdogo alivua gauni nyuma ya mlango wa gari, akatoka na ile nguo ya buluu, kitenge kimefungwa juu yake. Alitembea kuelekea majini polepole, akishika kitenge kwa mkono mmoja. Mimi nilikuwa nimeshaingia mbali kidogo, maji shingoni, nikimwangalia. Maji yalifika magotini, akasimama. Yakafika mapajani. Kitenge kikaanza kuelea. Akakiachia.

"Iko moto," akaniambia kwa sauti. "Kumbe iko moto kweli."

Yalipofika kiunoni, abbé alikuja mpaka ukingoni akiwa na simu mkononi na viatu miguuni. "Maman, unisamehe. Padri, curé wa kijiji ingine, na benzake banataka kuja kula saa moja. Nilibaambia habari ya sombe, sasa beko mu njia."

Mama mdogo alisimama hivyo, amempa mgongo. Sijui kwa muda gani, nadhani ulikuwa mfupi. Kisha akakusanya kitenge chake majini, akageuka, akatoka.

Nilifikiri haraka sana. Nikitoka nami, atajiona ameniharibia. Nikimwambia abbé hapana, nitamwaibisha yeye mbele ya padri, na ni yeye atakayesema ndiyo, na nitakuwa nimewaaibisha wote wawili. Nikimfuata jikoni atanifukuza. Kutoka hakutasaidia mtu yeyote. Kila hoja ilikuwa ya kweli. Nilibaki majini. Abbé alirudi kunichukua saa moja baadaye, na njiani akaniambia kwamba mama wangu ni baraka.

Tuliporudi Brussels mama wa kanisa walimzunguka. "Na bahari?"

"Bahari iko muzuri," akasema. "Iko moto." Hakuongeza kitu, wala kupunguza.

Mimi pia hakuniambia kitu. Alinipakulia chakula kama kawaida, aliniita papa kama kawaida. Nilingoja kesi. Nilikuwa na majibu ya kila shtaka, na mengine niliyafanyia mazoezi kwenye tramu mpaka watu waliniangalia. Shtaka halikuja. Wiki ikawa mwezi, na Flagey nikaanza kuwafundisha watu habari za bomba la maji na matunda ya saa saba.

Nilipata kazi mwaka wa pili baada ya hapo, ofisi moja karibu na Porte de Namur, kupanga majalada. Nilihamia chumba changu. Nilipopata likizo ya kwanza nililipia hoteli Krete, watu wawili, chakula chote ndani yake, dirisha linaangalia bahari. Nikapeleka karatasi Jette siku ya Jumapili. Alikuwa ametoka misa, bado ana kilemba.

"Hii ni nini, papa?"

"Hoteli, maman. Siku saba. Kule banapika bao. Wewe unakaa tu mu maji, muntu asikuite."

Alivaa miwani. Aliisoma karatasi yote, polepole, hata maandishi madogo ya chini.

"Septembre," akasema. "Uliniuliza kama niko na congé septembre?"

Sikuwa nimemuuliza kama kazini watampa likizo.

"Na kwa abbé, uliniuliza?"

Miaka miwili nilikuwa tayari kwa swali hilo, na kilichotoka kinywani ni: "Maman, sikuwa na pesa."

"Sisemi ya pesa. Kama uliniambia, maman, tutalala bure lakini utapika, ningesema ndiyo. Abbé wa kwetu, namna gani nikatae? Ningepika asubuhi, ningepika mangaribi, na katikati ningeenda ku bahari yangu, na abbé angejua ile saa ni yangu. Lakini miye nilifika pale sawa mugeni, kumbe niko mupishi, na kila muntu ndani ya nyumba alijua, miye tu sikujua. Sasa ningemuambia nini? Aache kula?"

"Unisamehe."

"Nilikusamehe kala, toka zamani. Ulikuwa mutoto." Akavua miwani. "Lakini sasa hauko mutoto. Na umefanya tena."

Nilimwambia nitabadilisha tarehe. Karatasi ilisema haibadilishwi, na alikuwa ameshaisoma. Nilimwambia basi siendi, siwezi kwenda peke yangu.

"Kwa nini? Kwa abbé uliendaka ku bahari peke yako siku nane. Njia unaijua."

Alisema bila ukali, nusu anatania. Akaikunja karatasi mara mbili, akanirudishia, akaniuliza kama nimekula.

Nilifikiri wiki tatu. Nilipiga simu hotelini, hawarudishi pesa. Nilitafuta mtu wa kwenda badala yake, nikaona ni matusi. Niliona pia kwamba nisipokwenda hakuna atakayefaidi, hata yeye, na kwamba kujinyima kwangu kungekuwa kumlazimisha kunihurumia. Hoja zilikuwa nzuri, kama zamani.

Nilikwenda. Mapokezi waliniuliza mwenzangu anafika lini, nikasema kesho. Kwenye chumba cha kulia waliandaa meza ya watu wawili, sahani mbili, glasi mbili, na mhudumu aliniuliza kila mlo kama amsubiri. Siku ya tatu waliacha kuweka sahani ya pili. Asubuhi hiyo niliogelea mbali kuliko siku zote, na maji yalikuwa ya moto.